Vespa ya babu na kichwa cha mwanao

SEHEMU YA 1

Mama zangu, shoga zangu, na nyinyi kina baba mnaonisoma kwa simu za wake zenu mkidhani sijui: Wiki hii hakuna uji wa lishe wala kadi ya chanjo. Leo ni vespa, na zitakuwa sehemu kadhaa, kwa hiyo mwenye mtoto wa kunyonyesha amnyonyeshe kwanza.

Najua nimegusa kitu cha watu. Hapa kwetu vespa si pikipiki tu. Pikipiki mtu ananunua, anauza. Vespa anarithi. Ukipita Kiponda, Mkunazini, Malindi, unaikuta imeegemezwa pembeni ya baraza kama mzee anayesubiri adhana. Gari halipiti vichochoro vile, vespa inapita. Wageni wanaipiga picha na mlango wa nakshi nyuma yake, halafu wanakwenda zao. Sisi tunabaki nayo, na kelele zake, na moshi wake.

Na mimi siipingi. Vespa ilipotoka kwa Piaggio kule Italia mwaka 1946, aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye pikipiki hakuzipenda. Akabuni chombo ambacho mtu hana haja ya kutanua miguu kukipanda, injini imefunikwa, mnyororo hakuna, mafuta hayakurukii nguoni. Mwanamke mwenye buibui anakaa kwa heshima zake. Jina lenyewe kwa Kitaliano maana yake nyigu. Ni chombo cha akili sana, na ndiyo maana hata PX zilizoanza kutoka 1977 bado zinatembea Unguja, na mafundi bado wanazijua kwa kuzisikiliza tu.

Ninachokipinga ni sentensi moja. "Sote tumekua tukisimama mbele ya vespa, mbona wazima?"

Nimechoka nayo. Mwambie baba amshushe mtoto, utajibiwa hivyo. Bibi naye hivyo hivyo. Hata wauguzi wenzangu wengine, wenye kujua, hivyo hivyo. Basi naomba tuifungue sentensi hii kama fundi anavyofungua kabureta. Nani anayesema "sote"? Anayesema ni yule aliyebaki. Mtoto aliyerushwa kichwa kikagonga ukingo wa barabara hakukua akaja barazani kunywa kahawa na kutoa ushahidi wake. Na yule aliyepona lakini skuli ikamshinda, anasahau, anaanguka kifafa, watu wanasema kazaliwa hivyo, au kuna mtu kamfanyia. Hatumuhesabu kwenye vespa. Tunawahesabu wazima peke yao, halafu tunashangaa kuona wote wazima!

Na jambo jengine. Babu alipokuwa akimpandisha baba yako mbele, alikuwa akikutana na baiskeli, gari la ng'ombe na gari moja moja. Leo toka Darajani uende Mwanakwerekwe saa ya watu kutoka kazini, uniambie ni barabara ile ile.

SEHEMU YA 2

Hebu tuangalie pale mtoto anaposimama pana nini. Wengi tumepanda vespa miaka na miaka lakini tumekaa nyuma kiubavu, hatujawahi kuinama kutazama.

Mkono wa kulia wa dereva ndio unaovuta mafuta, na breki ya mbele iko hapo hapo. Mkono wa kushoto ni klachi na gia pamoja, mkono wote unazunguka. Chini, upande wa kulia wa sakafu, imechomoza pedali ya breki ya nyuma. Sasa mtie mtoto wa miaka minne katikati. Mikono yake ataishikisha wapi? Kwenye usukani, maana ndicho kitu kilichopo mbele yake. Miguu yake iko wapi? Ubavuni mwa pedali. Akisogea kidogo, kiatu chake kinaingia chini ya pedali na baba anakanyaga breki haishuki. Au anaikanyaga yeye. Watoto husinzia pia. Upepo wa jioni, mlio wa injini, mtoto anasinzia wima na magoti yanalegea. Baba anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili kamshika mtoto. Mkono gani alioutoa? Ule wa klachi. Weka hilo akilini, nitalirudia kwenye sehemu ya injini.

Tena magurudumu ya vespa ni madogo, nyingi ni inchi 10, zile za zamani zaidi inchi 8. Shimo ambalo honda kubwa inalipita, vespa inaliingia. Injini yake imekaa upande wa kulia, uzito haupo sawa. Ukifunga breki ya mbele ghafla, pua inainama. Na inapoinama, mwili wa baba wa kilo 80 unakwenda mbele. Kati ya mwili huo na usukani yupo nani?

Tunasema tunamuweka mbele "ili tumuone". Kumuona tunamuona. Lakini kwenye kugongana anakuwa mto wa baba yake.

Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukilinganisha na mwili wake, shingo yake laini, na akirushwa kichwa ndicho kinachotangulia. Siku za Sikukuu nenda kasimame karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja uangalie vespa zinavyoingia: baba kavaa helmeti kwa kuogopa trafiki, mama nyuma na kichanga, mbele kasimama mtoto na kofia yake nyeupe ya Sikukuu. Yaani aliyelindwa kichwa ni yule mwenye fuvu gumu kuliko wote. Watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti za nchi nyingi, mwaka 2008 wakatoa jumla yake: helmeti inapunguza uwezekano wa mwendeshaji kufa katika ajali kwa kiasi cha asilimia 42, na wa kuumia kichwa asilimia 69. Hakuna dawa kabatini kwetu ya kuumia kichwa yenye nguvu hiyo. Hakuna.

SEHEMU YA 3

Hii ndiyo sehemu niliyotaka kuiandika toka mwanzo, na ndiyo ndefu. Chupa.

Kwanza mjue kwa nini chupa ipo. Injini ya vespa hizi ni ya tu-stroki. Pikipiki za kisasa oili yake inakaa chini ya injini, inazunguka humo humo, inamwagwa baada ya muda. Tu-stroki haina hifadhi hiyo. Oili inachanganywa na petroli, inaingia pamoja nayo, inalainisha pistoni, inaungua, inatoka moshi. Kwa hiyo kila anapotia mafuta, mwenye vespa lazima atie na oili ya 2T. Kwa PX na ndugu zake kipimo ni asilimia 2, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. (Zipo zenye tangi lake la oili pembeni zinazochanganya wenyewe. Zinatambulika kwa kidirisha kidogo cha kioo karibu na siti. Wenye hizo wana kazi moja tu, kukumbuka kulijaza.)

Sasa mchanganyiko huo watu wanautengeneza wapi? Nyumbani. Kwa kutumia nini? Chupa ya maji ya lita moja na nusu. Na mafuta yakiadimika mjini, chupa zinakuwa tatu, nne, zimepangwa chini ya ngazi au nyuma ya mlango wa jiko, mahali penye kivuli. Petroli ikichanganywa na oili inapata rangi, ya buluu, ya kijani au nyekundu kufuatana na oili. Mtoto wa mwaka na nusu anaona nini? Anaona sharbati. Chupa ni ile ile anayopewa kila siku, mfuniko ni ule ule anaoujua kuufungua.

Haya maneno ya "nilimwambia asiguse" tuyaache. Mtoto wa umri ule hajui kusoma, hajui petroli, anajua chupa. Aliyekosea ni aliyeitia petroli kwenye chupa ya maji, na mara nyingi ni mtu mzima mwenye ndevu anayejua kila skrubu ya vespa yake. Samahani kwa ukali, lakini petroli ikae kwenye dumu la chuma au la plastiki gumu lililotengenezwa kwa petroli, lenye kifuniko cha kukaza, juu kabisa na nje ya sehemu ya kulala na kupikia. Ukiweza usiweke kabisa: beba kichupa cha oili peke yake, uchanganye kituoni kwenye tangi. Funga koki, tia oili, tia petroli juu yake, itikise vespa kidogo, basi. Hiyo petroli ya akiba inalinda safari yako ya kesho, na huku kuna jiko la gesi hatua tatu.

Ikitokea mtoto kanywa, nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mapenzi ya bibi yanapoua.

Usimtapishe. Usimtie kidole, usimpe maji ya chumvi. Petroli ni nyepesi mno, ikipanda juu kwa kutapika inateleza na kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko inakofanya kazi yake mbaya. Tumboni ina nafuu kuliko kifuani. Usimpe maziwa. Usimpe tui wala mafuta ya nazi. Najua sote tumefundishwa maziwa "yanakata sumu". Kwa petroli hayakati kitu, yanajaza tumbo na kumleta karibu zaidi na kutapika. Ikiwa imemwagikia nguo, mvue, muoshe ngozi kwa maji na sabuni. Mchukue akiwa amekaa wima, pamoja na chupa yenyewe ili tuone kanywa nini, mpeleke Mnazi Mmoja au spitali yoyote iliyo karibu yako. Mwende hata kama anacheza. Akikohoa, akipumua mbio, mbavu zikiingia ndani, akilegea, hapo ni mbio kabisa. Lakini dalili za mapafu zinaweza kuchelewa masaa kadhaa, kwa hiyo "mbona anacheza" haitoshi kumbakisha nyumbani.

Na unapompeleka, usimsimamishe mbele ya vespa. Nasema kwa sababu najua.

SEHEMU YA 4

Wanaume wengi watasema: haya ya watoto sawa, lakini injini niachie mimi. Hapana. Injini hii ukiikosea inamuangusha mkeo na mwanao, kwa hiyo ni mambo ya nyumba nzima.

Oili ikiwa kidogo, au ikiwa ile ya injini za kawaida iliyotiwa kwa sababu ilikuwa karibu, pistoni inapata moto, inavimba, inashikana na silinda. Injini inasimama. Kwa kuwa injini na gurudumu la nyuma zimeunganishwa moja kwa moja kwa gia, gurudumu nalo linasimama, ghafla, katikati ya mwendo. Vespa inateleza mkia. Dereva ana nafasi moja tu ya kujiokoa, nayo ni kubana klachi papo hapo. Klachi iko mkono wa kushoto. Na mkono wa kushoto tulisema uko wapi? Umemshika mtoto anayesinzia.

Sasa nitawaambia siri, shoga zangu. Kwenye kupima sisi tunawashinda. Mwanamke anayejua maziwa ya kopo yanataka vijiko vingapi kwa maji kiasi gani hashindwi na mililita 20. Fundi mmoja anakwambia "tia kifuniko kimoja", wa pili "tia mpaka uone rangi", wa tatu anaongeza kwa usalama, na kuzidisha nako ni kosa: plagi inalowa, ekzosi inajaa masizi, moshi unakuwa ule wa kufukizia mbu. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa. Bomba moja, lita moja. Lita tano, mabomba matano. Liandike kwa wino, lifungie kwenye kisanduku cha vespa, na lisirudi tena ndani ya nyumba kupimia dawa ya mtoto.

Kila mwezi mwambie akuoneshe plagi. Ndiyo, akuoneshe. Ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa, injini inapumua vizuri. Nyeusi na imelowa, oili imezidi au kabureta inamwaga. Nyeupe kavu ndiyo ya kuogopa: hewa imezidi, pengine sili za ndani zimechoka zinavuta upepo, injini inaungua polepole, na ile habari ya kushikana iko njiani.

Halafu muombe anyanyue mpira wa sakafu. Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyengine, bodi lake la bati ndilo fremu. Kisiwa chetu ni chumvi tupu. Chini ya mpira maji yanakaa, bati linaliwa, juu rangi inang'aa. Bonyeza kwa kidole gumba. Likibonyea, hiyo si kazi ya kupaka rangi, ni ya kuchomelea upya. Pia waya za breki na klachi: nyuzi moja ikishakatika, nyengine zinaifuata. Matairi nayo hupasuka pasuka kwa uzee hata kama mchoro bado upo. Na kazi ya kuziba pancha, jamani, ringi ya vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Upepo utolewe wote kabla ya kugusa nati hizo, vyenginevyo vipande vinaruka usoni mwa anayefungua. Watoto wanaopenda kuchuchumaa kutazama wawe mbali.

Mbali vile vile fundi anapopuliza ngoma za breki kwa upepo. Viatu vingi vya breki vya zamani vilikuwa na asbestosi, vumbi lake linaingia kwenye mapafu halitoki. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

Hapa nitasema neno la pesa halafu ninyamaze. Nimeona vespa zenye vioo vinne, siti mpya ya ngozi, vyuma vimesuguliwa unajiona uso, na breki ya mbele ukiibana mpini unagusa usukani. Mwenye vespa kama hiyo hawezi kuniambia hana pesa za matengenezo. Anazo, kazitia kwenye vioo.

SEHEMU YA 5

Fupi, nimetoka zamu.

Msiwashe vespa ndani. Najua nyumba za Mji Mkongwe, vespa inalala ukumbini au chini ya ngazi kwa kuogopa wezi, na asubuhi inapigwa teke humo humo ipate moto kwanza. Kuta nene, mlango mmoja, juu amelala mtoto. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mtoto anapumua haraka kuliko wewe. Tu-stroki inazidi kwa sababu sehemu ya petroli inatoka bila kuungua pamoja na ile oili. Dhaka, Bangladesh, waliziondoa bajaji za tu-stroki mjini mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu ya hewa. Sisi sisemi tuziondoe. Nasema isukumwe nje, hata mtaa wa pili penye uwazi, ndipo iwashwe. Dakika mbili za kusukuma. Mwenye mtoto wa pumu nyumbani asibishane nami kabisa.

Kuungua kwa ekzosi au injini iliyovuliwa ubavu: maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kwa saa, si dakika moja. Dawa ya meno hapana, yai hapana, asali hapana, unga wa ngano hapana.

SEHEMU YA 6

"Sasa tufanye nini, muuguzi? Tuna watoto wawili, gari hatuna, daladala ya Fuoni imejaa, teksi hatuiwezi."

Hili ndilo swali la kweli na silifanyii mzaha. Nani anayependa kumpanga mtoto kama mzigo? Watu wanafanya hivyo kwa sababu clinic iko mbali na jua kali. Lakini jibu si kwamba kwa kuwa hatuna gari basi kichwa cha mtoto kina nguvu zaidi.

Vespa ni ya watu wawili. Mtoto anakaa nyuma, miguu yake ikishafika pa kukanyagia na akiwa anaweza kumshika baba kiunoni bila kuambiwa mara mbili, na helmeti ya saizi yake. Kabla ya hapo hapandi. Kichanga ndani ya kanga kwenye vespa hapana, hata mwendo wa taratibu, hata hapo Michenzani tu. Siku ya kliniki mama apande daladala na mtoto, baba aende na vespa na begi. Harusi Makunduchi, nusu ya familia ije kwa gari la shamba. Sikukuu, baba apige safari mbili. Ndiyo, mafuta yatakwenda, na mtachelewa. Mimi sisemi ni rahisi, nasema ndiyo bei yake.

Na bibi akinuna? Atanuna. Akisema "mimi nimewalea saba hivyo hivyo", mpe haki yake, mwambie bibi ulilea vizuri na barabara ilikuwa yenu. Usibishane naye mbele ya watu. Mumeo ndiye wa kuongea na mama yake, usiibebe hiyo wewe.

Kuhusu helmeti za watoto: pima kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, uandike sentimita kabla ya kwenda dukani. Imvae mtoto mwenyewe, mfunge ukanda, mwambie atikise kichwa kama anakataa uji. Ikizunguka ni kubwa, na "atakua nayo" si hoja. Iliyowahi kugonga chini kwa ajali itupwe, hata kama haina ufa.

Wenye maswali ya saizi niandikieni, nitajibu Ijumaa baada ya sala, siku hiyo niko mapumziko.